SOMO: Jongoo ndani ya sanduku, bulongo nzuri mlangoni



Wazee walisema: mtupa jongoo hutupa na mti wake. Leo tunawaomba msitupe jongoo wala mti. Vyote viwili viko na kazi nyumbani.

KWA NINI SOMO HILI

Tangu mwaka 2014 mauaji katika teritwari ya Beni yamefanya familia nyingi ziache mashamba ya mbali. Mtu anabaki na parseli ndogo pembeni ya nyumba, na mara nyingi bulongo yake imechoka. Mbolea ya dukani iko na bei kali. Lakini majani makavu, miti iliyooza na maganda ya ndizi tunayo kila siku. Jongoo anakula vitu hivyo, na mavi yake ni mbolea.

Jambo hili si la kubuni. Kule Brazil, watafiti wa Embrapa, shirika la serikali la utafiti wa kilimo, wamefundisha namna ya kutengeneza mbolea kwa jongoo, na mbolea hiyo inakuza miche ya mboga. Ulaya nako watu wanafuga majongoo wakubwa wa Afrika ya Mashariki, wenye urefu wa karibu sentimita 30, kwa kupenda kuwaangalia tu. Sisi tunamfuga afanye kazi.

TUMJUE KWANZA

Wengi wanatuambia: "Ule mududu iko na sumu, atatuuma!" Tusimchanganye na tandu. Tandu ni bapa, anakimbia mbio, ana jozi moja ya miguu kwa kila pingili, na anauma kweli. Jongoo ni wa mviringo, anatembea polepole, ana jozi mbili kwa karibu kila pingili, na akiguswa anajikunja. Yeye haumi. Lakini akiogopa anatoa maji yanayotia ngozi rangi na kuchoma macho. Kwa hiyo ukimshika, nawa mikono kwa sabuni. Watoto wadogo wasimchezee, na mtu asijipanguse macho kabla ya kunawa.

NAMNA YA KUMTAYARISHIA NYUMBA

1. Tafuta sanduku la mbao, beseni ya zamani, ao bidoni ya litri 20 iliyokatwa ubavuni. Isiwe bidoni iliyobeba dawa ya kuua wadudu. Toboa matundu madogo chini ili maji yasisimame.

2. Changanya bulongo ya juu, majani makavu yaliyoanza kuoza, na mti uliooza mpaka unavunjika kwa vidole. Weka kimo cha sentimita 15 ao zaidi. Majani yasitoke kwenye shamba la kakao lililopigwa dawa.

3. Nyunyiza maji. Kamata mchanganyiko mkononi, ukaze. Ukishikamana bila kudondosha maji, inatosha. Ukikauka jongoo anakufa, na ukijaa maji anakufa vilevile.

4. Weka sanduku kivulini, juu ya meza. Miguu ya meza isimame ndani ya mikebe yenye maji, juu ya siafu. Funika kwa kitambaa chepesi ili kuku wasiingie.

Hapa tuseme kosa letu wenyewe. Sanduku letu la kwanza tulilifunika kwa kipande cha neti ya mbu. Siku chache baadaye majongoo wote walikufa. Hatukufikiri kwamba neti nyingi zinazogawiwa ziko na dawa ya kuua wadudu, na dawa hiyo haichagui kati ya mbu na jongoo. Tumieni kitambaa cha kawaida, kilichofuliwa vizuri.

CHAKULA NA UZAZI

Okota majongoo 10 mpaka 20 wa aina moja, chini ya magogo na majani karibu na nyumba. Usiende porini mbali kwa ajili yao, na usiwakamate ndani ya Hifadhi ya Virunga.

Chakula kikubwa ni majani makavu na mti uliooza, visipunguke kamwe. Unaweza kuongeza maganda ya ndizi ao kipande cha boga, lakini kisipoliwa kwa siku mbili, kitoe. Twanga maganda ya mayai ao ya konokono, unyunyize juu. Jongoo anahitaji chokaa kwa ajili ya gamba lake.

Ili kuzalisha, lazima uwe na dume na jike. Mgeuze jongoo mkubwa taratibu, uhesabu pingili kutoka kichwani. Dume, kwenye pingili ya saba, miguu ya kutembea haionekani. Pale iko viungo vyake vya uzazi. Jike ana miguu pale kama kwingine.

Jike anataga mayai ndani ya bulongo. Watoto wanatoka weupe, na miguu mitatu tu kila upande. Kila wakijivua gamba, pingili na miguu vinaongezeka. Wakati wa kujivua wanajificha chini na miili yao ni laini. Ukichimbua kuwatafuta, unawaua. Njo vile tunasema: usikoroge sanduku. Wakubwa wakipotea wiki kadhaa, usifikiri wamekufa.

KUVUNA MBOLEA

Baada ya miezi kadhaa, majani yakigeuka kuwa chembe nyeusi, weka chakula kipya upande mmoja tu. Majongoo wengi watahamia kule. Chukua mbolea ya upande mwingine, ichekeche kwa mkono, na jongoo ao yai utakaloona ulirudishe. Sanduku moja halitoshi shamba zima, tusidanganyane. Lakini linasaidia kujaza vifuko vya miche ya kakao na kahawa, ao tuta la lengalenga.

ONYO KUBWA

Usimwage majongoo kwenye shamba. Kaskazini-mashariki mwa Uganda wakulima wanawajua vizuri: wanakula viazi vitamu na mbegu za karanga zilizopandwa. Jongoo ni mfanyakazi akiwa sandukuni. Akitoka kuingia kwenye karanga zako, anakuwa mwizi.

MAZOEZI YA KIKUNDI

- Kila mwanachama ataje takataka tatu za nyumbani kwake zinazoweza kulisha jongoo.
- Onyesheni tofauti ya jongoo na tandu kwa watoto wenu.
- Tengenezeni sanduku moja la kooperative. Pandeni mboga kwenye vifuko viwili, kimoja na mbolea ya jongoo, kingine bila. Mkikutana tena, linganisheni.

Tusingoje njia ya shamba ifunguke ndipo tushughulikie bulongo. Ile ya mlangoni tunaweza kuianza leo.