Dawa Iliyobaki Mkebeni

Katika nyumba nyingi za Dodoma, mjini na vijijini, upo mkebe au mfuko mdogo uliofichwa juu ya kabati au chini ya kitanda. Ndani yake hukosi kuona vidonge vitatu vya rangi mbili, nusu chupa ya dawa ya maji ya mtoto, na kijitabu cha hospitali cha mwaka juzi. Mama akiulizwa, hujibu: “Nalipata nafuu, nikaviweka vitufae siku nyingine.” Hasemi hivyo kwa ubaya, bali kwa uwekevu. Lakini leo twataka kuonyesha kwamba uwekevu wa namna hii waweza kuleta hasara kubwa.

Dawa tunazozinena ni zile ziitwazo antibiotiki, yaani dawa za kuua bakteria. Penisilini, iliyogunduliwa na Alexander Fleming mwaka 1928, ni mojawapo. Fleming mwenyewe, alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945, aliwaonya watu kwamba atumiaye dawa hiyo kwa kipimo kidogo mno huvizoeza vijidudu kuishinda.

Jambo hili mkulima wa mtama na uwele atalielewa upesi. Apaliliaye shamba juu juu hukata magugu laini, na yale yenye mizizi mirefu hubaki, yakazaa mbegu, hata msimu ujao shamba likawa lao. Vijidudu navyo ni hivyo hivyo. Dawa huua vile dhaifu kwanza, na vile vigumu vikisalia huongezeka, kisha huhama kutoka mtu hadi mtu. Hivyo kosa la mmoja humdhuru na jirani asiyemeza kidonge hata kimoja. Wataalamu wamekadiria kwamba mwaka 2019 watu wapatao milioni 1.27 duniani walikufa kwa sababu ya bakteria waliokuwa sugu kwa dawa.

Tusidhani kuwa haya ni mambo ya mbali. Tuutazame mfano wa Kongwa. Kwa miaka mingi wilaya hiyo iliteswa sana na trakoma, ugonjwa wa macho ambao mwisho wake hupindisha kope kuelekea ndani, zikakwaruza jicho hata likapofuka. Hapo zamani dawa yake ilikuwa marhamu ya tetrasaiklini, ya kupaka mara mbili kwa siku kwa muda wa wiki sita. Mama gani mwenye watoto watano, na maji yake yako mbali, asingechoka? Baadaye ikaja azithromaisini, ya kumeza mara moja tu, ambayo mtoto hupimiwa kwa urefu wake.

Kongwa imetufundisha mambo mawili. La kwanza ni kwamba dawa peke yake haitoshi. Katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 1995, vijiji vingine vilipewa dawa tu, na vingine vikapewa dawa pamoja na mafunzo ya kuwanawisha watoto uso. Watoto waliodumu kuwa na nyuso safi walipungukiwa na ugonjwa. Naam, katika nchi hii kame ya Wagogo, maji kidogo usoni yalikuwa msaidizi wa dawa.

La pili ni la kutafakari zaidi. Katika taarifa ya mwaka 2013, wataalamu walieleza kwamba, miezi sita baada ya azithromaisini kugawiwa, watoto wadogo wa vijiji vilivyopewa walionekana kubeba zaidi bakteria wa nimonia wasioisikia dawa hiyo, kuliko watoto wa vijiji visivyopewa. Wala hatusemi kwamba ilikuwa kosa kuigawa. Kumwokoa mtu asipofuke ni jambo kubwa, na dawa ilitolewa kwa kipimo na kwa sababu. Lakini ikiwa dawa itolewayo vema ina gharama yake, je, ile inunuliwayo ovyo kwa ajili ya mafua itakuwaje? Hapo twalipa gharama nzima, nasi hatupati faida yoyote, maana mafua huletwa na virusi, na antibiotiki haziwezi kuviua.

Basi, yatupasa kufanya nini?

Kwanza, tusimeze dawa hizi kabla ya kupimwa. Homa si ugonjwa mmoja. Tusimlazimishe mganga atupe sindano au vidonge ili tu tuone kwamba safari yetu haikuwa bure.

Pili, tukipewa, tuulize: nimeze vingapi, saa ngapi, kwa siku ngapi, kabla ya chakula au baada? Kisha tufuate. “Mara tatu kwa siku” maana yake ni kugawa saa kwa usawa, si kumeza vyote jioni kwa kuwa mchana tulikuwa shambani.

Tatu, tusikatize kwa kuwa tumepata nafuu. Mgonjwa wa kifua kikuu, ambaye kwa kawaida hutibiwa miezi sita, huanza kujisikia vizuri mapema, na hapo ndipo hatari ilipo. Dawa ikituletea vipele, uvimbe au shida ya kupumua, turudi kwa mganga mara moja.

Nne, tusimpe mwingine dawa yetu, wala tusinunue nusu ya dozi kwa kuwa fedha ni haba. Heri kumweleza mganga au muuza dawa ukweli wa mfuko wetu, atafute dawa nyingine ifaayo, kuliko kununua vidonge vinne na kurudi na ugonjwa ulio mgumu zaidi.

Twawasihi akina baba na akina mama waufungue mkebe ule leo. Vilivyomo wavipeleke zahanati au duka la dawa, waulize namna ya kuviteketeza. Siku mtoto atakapougua kweli, atahitaji dawa ambayo bado ina nguvu, na nguvu hiyo yatunzwa sasa, nyumbani mwetu.