Kigali kwa Kitambulisho: Vidokezo 9 kwa Mkazi wa Nairobi

Wengi wetu tunaokaa Kangemi, Kawangware au Lavington tumejiaminisha kwamba safari ya kuona gorila Rwanda ni ya wazungu wenye kofia pana na magari ya kijani. Sivyo. Rwanda haina bahari na ina kilomita za mraba 26,338 tu, hata Kaunti ya Kitui inaizidi. Lakini milima, misitu na utamaduni wake vitakuchosha kabla hujavimaliza. La muhimu ni kuziacha nyumbani baadhi ya tabia zetu za Nairobi.

1. Chagua: basi au ndege
Mabasi huondoka katikati ya jiji, maeneo ya River Road na Accra Road, yakashika Waiyaki Way kuelekea Nakuru, Kampala, Kabale hadi mpaka wa Katuna. Jiandae kwa mchana na usiku mzima, pengine zaidi. Ukiwa mtu wa Kangemi au Uthiru, usikimbilie kupambana na msongamano wa kuingia mjini. Unapokata tiketi, uliza kama watakuchukua stejini, kwa sababu basi litapita hapo hapo. Chukua namba ya gari na usimame upande wa kutoka mjini. Kwa ndege ni kama saa moja na nusu hivi, na ukitokea Westlands, Expressway itakufikisha JKIA bila kukwama Uhuru Highway, mradi ulipe ada.

2. Kagua karatasi zako
Tangu 2014, Mkenya anaingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho cha taifa. Kisiwe kimefutika maandishi wala kuvunjika pembe. Beba pia kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Usingoje siku ya mwisho kuchanjwa, maana cheti huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano. Habari njema ni kwamba ukishachanjwa mara moja, kinakutosha maisha.

3. Toa majuala kwenye begi
Sisi tulipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017, na bado juala halikosi kupatikana sokoni. Wenzetu walianza 2008 na hawana mzaha. Mpakani begi linaweza kufunguliwa, na juala ulilofungia viatu likabaki hapo. Tumia kiondo au mfuko wa kitambaa.

4. Jifunze barabara upya
Rwanda magari hupita upande wa kulia, kwa hiyo ukivuka tazama kushoto kwanza. Vuka kwenye alama, na taa nyekundu iheshimu hata kama hakuna gari. Nduthi huko huitwa moto: abiria ni mmoja tu na kofia ya chuma ni lazima. Rudisha saa nyuma pia, kwani Nairobi ikiwa saa tisa, Kigali ni saa nane.

5. Soma kalenda
Jumamosi ya mwisho ya mwezi ni umuganda. Asubuhi hadi saa tano wananchi hufanya kazi za pamoja kama kusafisha mitaro na kupanda miti, na shughuli nyingi husimama. Usipange kusafiri saa hizo. Kuanzia Aprili 7 ni wiki ya kuomboleza mauaji ya kimbari ya 1994, si wakati wa kutafuta muziki na vilabu. Kwa kupanda milima, Juni hadi Septemba ndiyo miezi mikavu zaidi.

6. Gorila ni wa kupangia
Kibali cha Hifadhi ya Volkano ni dola 1,500 kwa mtalii wa kutoka mbali. Raia wa Afrika Mashariki ana bei yake iliyo nafuu sana, kwa hiyo uliza bei hiyo waziwazi na utoe kitambulisho. Kila kundi la gorila hutembelewa na watu wasiozidi 8, kwa saa moja, na walio chini ya miaka 15 hawaruhusiwi. Ukiwa na mafua utazuiwa, maana gorila huambukizwa magonjwa yetu. Anza mazoezi mapema: Jumamosi kadhaa kwenye vilima vya Ngong, ambavyo kilele chake kina mita 2,460, zitaamsha magoti. Siku ya gorila vaa glavu nene, kwani upupu wa hifadhini huuma hasa.

7. Bila gorila pia inawezekana
Akagera, mashariki, ilipoteza simba wake wote baada ya 1994. Walirudishwa 2015, na vifaru weusi wakafuata 2017. Nyungwe, kusini magharibi, ina sokwemtu na daraja linaloning'inia juu ya vilele vya miti. Mwaka 2023 UNESCO iliutia msitu huo kwenye orodha ya urithi wa dunia. Ziwa Kivu ni la kupumzika. Jioni keti ufukweni Karongi utazame mitumbwi mitatu mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu, wavuvi wakiimba huku wakielekea kuvua sambaza. Kesho yake utawala hao sambaza wakiwa wamekaangwa.

8. Tenga siku moja ya utamaduni
Nyanza, kwenye makao ya kale ya mfalme, utaona nyumba kubwa ya msonge na ng'ombe wa Inyambo wenye pembe ndefu ajabu. Mchungaji huwaimbia sifa huku akiwapapasa, nao hutulia. Kigali, nenda Nyamirambo: Kituo cha Wanawake cha huko hutembeza wageni mtaani kwa miguu. Ingia duka la maziwa uagize kikombe cha ikivuguto, maziwa lala yao, pamoja na chapati. Kiswahili kinaeleweka hapo, na tangu 2017 ni lugha rasmi ya nchi. Sheng iache Kawangware. Salimia kwa "Muraho", shukuru kwa "Murakoze".

9. Usiulize kabila
Nairobi tukikutana na mtu, jina la pili hatukosi kuliuliza, na nia yetu yajulikana. Rwanda swali hilo halina nafasi. Ili uelewe sababu, nenda Gisozi, Kigali, kwenye makumbusho ya mauaji ya kimbari ambako zaidi ya watu 250,000 wamezikwa. Hakuna kiingilio. Zima simu na usipige picha za kujionyesha. Kaa muda wa kutosha, kisha usipange sherehe jioni hiyo. Na ukirudi Nairobi, siasa za kura zikianza kupamba moto na mtu akakuuliza jina la pili, utakuwa na la kumwambia.