Umenunua nyumba Soitsambu: hati uiweke wapi

Fedha zimelipwa, mashahidi wameweka dole gumba, funguo umekabidhiwa. Sasa karatasi zikae wapi?

Kwanza hakikisha unazo zote. Ardhi ya kijiji iko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, na hati yake ni Hati ya Hakimiliki ya Kimila. Kama bado hujaipata, usiridhike na mkataba wa mauziano peke yake. Omba nakala ya muhtasari wa kikao cha Halmashauri ya Kijiji kilichoridhia uhamisho, yenye saini na mhuri, uiweke pamoja na risiti. Wanunuzi wengi huusahau muhtasari huo, nao ndio utakaotakiwa mgogoro ukizuka.

Hati ya kimila huwa na nakala tatu: yako, ya masjala ya ardhi ya kijiji na ya wilayani. Kwa hiyo kabla ya kutafuta kabati, nenda masjala ukaombe kuiona ya kwao. Linganisha namba, mipaka na majina, herufi kwa herufi. Kwetu “Ole” huandikwa peke yake kwenye karatasi moja, kisha ikaunganishwa na jina la ukoo kwenye kitambulisho cha NIDA. Rekebisha mapema, wewe na muuzaji mkiwa hai.

Nyumbani, adui ni mchwa, panya, moshi na mvua. Chini ya godoro au juu ya kenchi si mahali pa hati. Itie kwenye bahasha, kisha kwenye mfuko wa plastiki mzito, kisha ndani ya sanduku la bati lenye kufuli, lililoinuliwa kutoka sakafuni na mbali na jiko. Usiipeleke stesheneri ikafunikwe plastiki ya moto: mhuri hautakaguliwa vizuri, na hati haitaandikika tena.

Nakala zilizothibitishwa na wakili zikae nyumba nyingine kabisa, kwa ndugu aliyeko Wasso au Arusha. Picha zake ziwe kwenye barua pepe, si kwenye simu tu.

Kisha mwambie mkeo. Hapa nasisitiza. Kiangazi mume yuko mbali na ng’ombe, mtu anakuja kupima mpaka, na mama aliyebaki bomani hajui hata funguo ya sanduku iko wapi. Huo ni udhalimu kwake na hatari kwa watoto. Afadhali zaidi majina yenu wote wawili yawe kwenye hati.

Usiiache hati kwa mkopeshaji wa mtaani. Benki ikiichukua kama dhamana, dai maandishi ya kuipokea, na ukimaliza deni ukaifuate mwenyewe.

Wala usitupe karatasi kuukuu. Shamba la Sukenya, eka 10,000 zilizokwenda kwa Tanzania Breweries mwaka 1984, lilifikishwa Mahakama Kuu Arusha na wanavijiji wakidai ardhi ilitwaliwa bila ridhaa yao. Hukumu ilitoka mwaka 2015, miaka 31 baadaye. Karatasi ya leo inaweza kuulizwa na mjukuu wako.

Hati ikipotea, ripoti polisi siku hiyohiyo, kaape kiapo kwa wakili, kisha upeleke vyote kwa afisa ardhi wa wilaya ukiwa na namba ya hati. Namba hiyo iandike leo mahali pengine.