Deni la Hospitali Halifungi Mtu

Mama mmoja wa Kikula, hapa Likasi, ametuandikia. Binti yake alijifungua kwa upasuaji. Daktari amekwisha kumruhusu, lakini mlinzi wa lango hamwachi atoke mpaka fakture ilipwe yote, na kila siku inaongezwa bei ya kitanda. Anauliza: wana haki ya kumfunga mtoto wangu?

Hapana, mama. Deni mnalo, na mtalilipa. Lakini ibara ya 17 ya Katiba ya 2006 inasema mtu hawezi kushikwa wala kufungwa ila kwa kufuata sheria, na hakuna sheria ya Kongo inayompa mkuu wa hospitali uwezo huo. Mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa, ambao nchi yetu iliuingia mwaka 1976, unakataza kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kulipa alichokubali kulipa. Ibara ya 215 ya Katiba inauweka mkataba huo juu ya sheria za kawaida. Anayekudai aende tribunali.

Mtego unaonasa familia nyingi uko kwenye karatasi. Hata mzazi akiachiwa, hospitali hubaki na hati inayothibitisha kuzaliwa kwa mtoto, ambayo familia huipeleka komine ili kumwandikisha. Sasa, Sheria ya Familia iliyorekebishwa mwaka 2016 inatoa siku 90 za kumwandikisha mtoto bure kwenye ofisi ya komine. Zikipita, unatakiwa kupata hukumu ya tribunali, na huko kila muhuri una bei yake. Deni la upasuaji limezaa deni la pili, na mtoto hatambuliwi na serikali kwa kosa ambalo si lake. Usingoje kumaliza deni: nenda komine mapema, ueleze kwamba hati imezuiliwa.

Hospitalini, dai fakture inayoonyesha dawa, upasuaji na kitanda kila kimoja peke yake. Andika tarehe ambayo daktari alimruhusu mgonjwa. Siku za kitanda baada ya hapo usizikubali, maana ni wao waliomzuia. Tia sahihi karatasi ya kukiri deni, yenye kiasi mnachoweza kulipa kila mwezi. Usitie sahihi karatasi tupu, na usiache kadi ya uchaguzi kama rehani: kwa wengi wetu ndiyo kitambulisho pekee.

Wakikataa, mwandikie daktari mkuu wa zoni ya afya na ubaki na kopi iliyopokelewa. Kisha nenda parke. Kifungu cha 67 cha Kanuni ya Adhabu kinampa kifungo cha mwaka 1 hadi 5 anayemzuia mtu kwa nguvu, hila au vitisho. Kwa hiyo andika maneno ya mlinzi, saa, na majina ya mashahidi. Na mkubwa yeyote anayeomba matabishi ili "akusaidie kutoka" anakuuzia uhuru ulio wako. Mtaje naye.

Lakini sheria hizi hazifuatwi, na hiyo ni aibu yetu. Mwaka 2018 waandishi wa Associated Press walipita katika hospitali zaidi ya 20 hapa Kongo, nyingi za Lubumbashi. Moja tu haikuwa na desturi ya kuzuia wagonjwa. Kenya, jaji Mumbi Ngugi aliamua mwaka 2015 kwamba kuwashikilia wazazi katika hospitali ya Pumwani kulivunja sheria. Hata Marekani, ambako fakture za hospitali zimefilisi wengi, mdai huenda mahakamani. Kwetu, sheria ya afya ya 2018, iliyorekebishwa 2023, inaahidi huduma kwa wote, na uzazi wa bure ulizinduliwa Kinshasa Septemba 2023. Ahadi bila pesa inaiacha hospitali iishi kwa mifuko ya wagonjwa, na mganga asiyelipwa vizuri anageuzwa mlinzi wa gereza.

Wabunge tuliowachagua Likasi watuletee kifungu kimoja kilicho wazi: kumshikilia mgonjwa au hati ya mtoto kwa ajili ya deni ni kosa, na serikali ilipe hospitali kile ambacho maskini ameshindwa. Mpaka hapo, kila familia ipeleke malalamiko yake kwa maandishi. Kesi zisizoandikwa ndizo zinazowapa wakubwa nafasi ya kusema hawajui.