Mashini Inalala, Haiamuki

Somo letu la leo ni juu ya jambo ambalo wengi wameliona kwa macho yao. Mtu anafunga kifuniko cha kompyuta yake ya kubeba saa sita, anaenda kula. Anaporudi anafungua: taa inawaka, feni inalia, lakini kioo ni cheusi. Anagusa klavye, hakuna kitu. Saa ile ile mwenzake anasema: «Imekufa hiyo. Peleka sokoni wafute yote, waweke Windows mpya.»

Sisi tunasema: ngojeni kwanza. Mashini isiyoamuka si lazima iwe imekufa. Na mtu anayefuta yote mbele ya kujua ugonjwa, anaweza kuzika mzima.

Jambo hili lilitupata sisi wa kikundi cha kompyuta. Tulikuwa tunasaidia sekretarieti kuingiza pointi za madarasa mawili, na wafinalisti walikuwa wanangojea karatasi zao. Tuliandika tangu asubuhi bila kuhifadhi hata mara moja. Tukafunga kifuniko, tukaenda. Kurudi, kioo cheusi. Pointi za asubuhi ile zilipotea zote, tukaziandika tena kutoka daftari za walimu, siku mbili mpaka jioni. Mashini ilikuwa na kosa lake, lakini kutohifadhi lilikuwa kosa letu. Ndiyo sababu tunaandika somo hili.

1. KULALA NI KITU GANI?

Kompyuta iko na namna mbili za kulala, na watu wengi wanazichanganya.

Ya kwanza ni ile Windows ya Kifaransa inaita «Veille». Kazi yetu yote inabaki katika kumbukumbu ya haraka, ile tunaita RAM. Vipande karibu vyote vinazimwa, lakini RAM inaendelea kupewa umeme kidogo. Ni kama kandiri iliyoshushwa utambi: moto ni mdogo, lakini uko. Mafuta yakiisha, giza. Ni vile vile na batri: ikiisha wakati mashini inalala, kazi isiyohifadhiwa inapotea.

Ya pili ni «Veille prolongée». Hapa mashini inaandika yote yaliyo katika RAM ndani ya diski, kisha inazimika kabisa. Haihitaji umeme tena. Kuamuka kwake kunachukua wakati zaidi, lakini batri ikiisha, kazi iko salama.

Sheria ambazo kompyuta nyingi zinafuata kwa mambo haya zinaitwa ACPI. Zilitolewa mwaka wa 1996 na Intel, Microsoft na Toshiba. Ndani yake usingizi wa RAM unaitwa S3, na usingizi wa diski S4. Tangu Windows 8 ya mwaka wa 2012 kulikuja usingizi mwingine tena, ambamo mashini inasinzia tu kama simu, haisimami kabisa. Ndiyo sababu kompyuta nyingine mpya zinapata moto ndani ya mfuko, ingawa mwenyewe anasema aliilaza.

2. KWA SABABU GANI INAKWAMA?

Fikirini asubuhi kwenye internat. Kengele inalia, msimamizi anaita majina. Kila mmoja ajibu «Niko!» ndipo mstari utembee. Mmoja asipojibu, na msimamizi akisema hatutoki mpaka ajibu, wote wanabaki wamesimama, hata wale walioamuka vizuri.

Kompyuta ni hivyo. Saa ya kuamuka, inaita vipande vyake: kioo, diski, klavye, Wi-Fi, matundu ya USB. Kila kipande kiko na programu ndogo ya kukiongoza, inayoitwa piloti. Piloti moja ikiwa ya zamani, au si ya mashini ile, inaweza kukosa kujibu. Basi yote inangoja.

Mara nyingi wa kuchunguza kwanza ni piloti ya kioo. Wengine ni kitu kilichochomekwa katika USB, programu ya chini ya mashini yenyewe (BIOS), RAM yenye kasoro, au diski iliyochoka.

3. SAA YA HATARI, FANYENI HIVI

(a) Msiguse kitufe cha umeme mara moja. Ngojeni minuti mbili au tatu. Kama diski ni ya zamani, ile inayozunguka, na mashini inatoka katika «Veille prolongée», kuamuka kunaweza kukawia. Taa ya diski ikipepesa, iko inafanya kazi.

(b) Bonyezeni «Verr. Maj.» kwenye klavye. Kama taa yake inawaka na kuzimika, mashini iko macho. Kioo tu ndicho kimelala. Kama haibadiliki kabisa, huenda yote imekwama. Jaribio hili ni la sekunde moja, na linafundisha mengi.

(c) Kama taa imejibu, na Windows ni 10 au 11, bonyezeni pamoja: Windows, Ctrl, Maj na B. Hiyo inaanzisha upya piloti ya kioo bila kufunga kazi yenu. Jaribuni pia kufunga na kufungua kifuniko. Kama kioo kinarudi, hifadhini kazi saa ile ile.

(d) Ondoeni flashi, panya na kila kilichochomekwa. Ngojeni tena kidogo.

(e) Yote yakishindwa, ndipo mshike kitufe cha umeme sekunde kumi hivi, mpaka mashini izimike. Mjue kwamba kazi isiyohifadhiwa itapotea.

Na kama mnafungua kifuniko, mashini inaanza upya kwa alama ya fabriki, hiyo si kukwama. Pengine batri iliisha wakati wa usingizi. Umeme wa mji wetu unatoka kwenye kituo cha maporomoko ya Tshopo, kilichojengwa miaka ya 1950 kwa mji mdogo kuliko Kisangani ya leo, na kukatika kwake kila mmoja anakujua. Anayelaza mashini yenye batri iliyochoka akitegemea umeme wa ukuta, analala bila mafuta katika taa.

4. KUTAFUTA SABABU

Hapa sheria ni moja: badilisheni KITU KIMOJA kwa mara moja, kisha jaribuni. Anayebadilisha vitu vitano pamoja, hata mashini ikipona, hajui dawa ilikuwa ipi. Tulichukua daftari, tukagawa ukurasa kwa mistari mitatu: tulichobadilisha, tulivyoilaza, ilivyoamuka.

Jaribio la kwanza: bila flashi, bila panya. Ilikwama.

La pili: tulichagua «Redémarrer», si «Arrêter». Wengi hawajui tofauti. Tangu Windows 8, mashini nyingi zikizimwa kwa «Arrêter» hazizimiki zote: zinahifadhi sehemu ya ndani katika diski ili ziwake haraka. Kosa lililo katika sehemu hiyo linaweza kurudi kesho yake. «Redémarrer» ndiyo inaanza upya kwa kweli. Basi, tulianza upya, tukailaza. Ilikwama.

La tatu: tuliandika powercfg /a katika dirisha jeusi la amri. Amri hiyo inaonyesha mashini inajua usingizi gani. Kama haina piloti ya kweli ya kioo, Windows inaweza kukataza usingizi kabisa, na sababu inaandikwa pale. Yetu ilikuwa na S3 na S4.

La nne: tuliilaza kwa «Veille prolongée». Iliamuka vizuri! Tukarudia mara tatu, ikaamuka mara tatu. Diski ilitupa kazi yetu sawasawa. Shida ilikuwa katika usingizi wa RAM tu.

La tano: tulipima RAM kwa programu ya Windows yenyewe, inayoitwa mdsched. Haikuona kosa.

La sita: tulifungua «Gestionnaire de périphériques», tukasoma tarehe ya piloti ya kioo. Ilikuwa ya miaka mingi mbele ya Windows yenyewe. Mtu aliweka Windows mpya na kuacha piloti ya zamani. Tukatafuta kwenye ukurasa wa fabriki ile piloti ya namba kamili ya mashini yetu, tukaishusha kwa megabaiti za simu, tukaileta kwa flashi. Kisha tukailaza mara kumi, na mara kumi iliamuka.

Hatukufuta kitu. Hatukulipa mtu. Tulilipa megabaiti na uvumilivu.

Onyo moja: katika «Observateur d'événements» mtaona kosa Kernel-Power 41. Wengine wakiona neno lile wanakimbia kununua sharjeri mpya. Namba ile inasema tu kwamba mashini ilizimika bila kufungwa vizuri. Ninyi wenyewe mkishika kitufe sekunde kumi, inaandikwa. Haisemi sababu.

Kwa wale wenye Linux: someni fishie /sys/power/mem_sleep. Neno lililo katika mabano ndilo usingizi unaotumika. Deep ni ule wa S3, s2idle ni kusinzia tu. Mashini nyingine inakwama kwa mmoja na kuamuka vizuri kwa mwingine.

5. MAZOEA YA KUSHIKA

Mbele ya kufunga kifuniko, Ctrl na S. Kila mara, hata kama mnaenda kunywa maji tu.

Pointi na majina yakae fasi mbili: katika mashini na katika flashi nyingine. Na daftari la karatasi lisitupwe. Kwetu, karatasi ndiyo iliokoa wafinalisti.

Kama batri imechoka, chagueni «Veille prolongée», au zimeni.

Mtu akiwaambia «futa yote», mwulizeni: «Umejaribu nini?» Haraka haraka haina baraka.

Katika Injili ya Marko, sura ya 5, tunasoma kwamba watu walikuwa wamekwisha kulia kwa sauti katika nyumba ya Yairo, na mtoto bado ataamuka. Hatusemi kwamba kompyuta ni mtu, wala kwamba tunafanya miujiza. Lakini kilio cha mapema tunakijua hata hapa shuleni: juu ya mashini, na vilevile juu ya mwenzetu aliyeanguka katika mtihani mmoja, tukasema «huyu amekwisha». Tuchunguze kwanza, kitu kimoja kimoja, kwa upole. Wengi wamelala tu, wanangoja atakayejua kuwaamsha.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kazi yetu inakaa wapi wakati wa «Veille»? Na wakati wa «Veille prolongée»?
2. Taa ya «Verr. Maj.» inajibu, kioo ni cheusi. Utafanya nini kwanza?
3. Kwa sababu gani «Redémarrer» inaweza kuponya kosa ambalo «Arrêter» haiponyi?
4. Mwenzako alibadilisha piloti, akaongeza RAM, akaondoa panya, siku moja. Mashini imepona. Amejifunza nini?

Mwenye mashini inayokwama aje na daftari lake. Tutatafuta pamoja.

Kikundi cha Kompyuta