Somo: Kusoma Sheria Pamoja kwa Simu Moja



Mpangaji wa duka hapa Ndia Kuu akiletewa barua ya kutakiwa atoke mwisho wa mwezi, wengi wetu tutamwambia, "Funga mizigo tu, mwenye nyumba ndiye mwenye nyumba." Lakini je, sheria yasemaje? Siku hizi jibu laweza kupatikana kwenye simu, mradi tujue kulitafuta. Katika jambo hili tuna la kujifunza kwa madarasa ya sheria ya vyuo vikuu.

Zamani mwanafunzi wa sheria alingojea zamu ya kitabu maktabani. Sasa sheria za nchi na hukumu za mahakama zimewekwa kwenye tovuti ya Kenya Law, na kuzisoma ni bure. Gharama ni bando tu. Vyuo vilipofungwa mwaka 2020 kwa sababu ya korona, masomo mengi yalihamia kwenye kompyuta. Ikaonekana kwamba mashine peke yake haifundishi. Lazima awepo mwalimu mwenye swali, na fundi wa kusaidia mtandao unapokatika.

Nasi kikundini tufanye hivi:

1. Tuanze na swali, si na simu. Liandikwe ubaoni: "Mpangaji wa duka apewe notisi ya muda gani?"

2. Tugawane kazi. Kijana anayejua simu awe fundi: ahakikishe chaji na bando, na aufungue ukurasa kabla ya kikao. Mmoja asome kwa sauti, mwingine aeleze kwa Kiswahili, maana sheria imeandikwa kwa Kiingereza. Wa nne aandike.

3. Tusome sheria yenyewe. Tutafute Sura ya 301, sheria ya mwaka 1965 inayohusu wapangaji wa maduka na hoteli. Inamlinda mpangaji asiye na mkataba wa maandishi, na hata mwenye mkataba ulioandikwa wa miaka isiyozidi 5. Kifungu cha 4 chasema notisi isipungue miezi 2, tena itaje sababu. Mpangaji ajibu kwa maandishi katika muda wa mwezi 1. Akitaka kuipinga, apeleke shauri kwenye baraza la kodi za majengo ya biashara kabla siku ya notisi haijafika. Kumbe anayefunga mizigo upesi hupoteza haki yake, na anayekaa kimya pia.

4. Tuhakikishe. Tuangalie kama sheria imebadilishwa. Tusiridhike na jibu la programu za kuzungumza na kompyuta. Mwaka 2023 huko New York, mawakili walipeleka mahakamani kesi zilizobuniwa na programu ya ChatGPT. Hazikuwako kabisa, na jaji akawatoza faini ya dola 5,000. Ikiwa mawakili walinaswa, sembuse sisi?

Simu haiwi wakili. Mwenye shida halisi apelekwe kwa wakili au msaidizi wa kisheria, lakini aende akijua la kuuliza, na tarehe ya barua yake mkononi.

Maswali ya kujadiliana

(a) Nani kati yetu ana barua au mkataba ambao hajausomewa?
(b) Nani atakuwa fundi wetu, na bando tutalichangia vipi?
(c) Mwanakikundi asiyejua kusoma atashirikije sawa na wengine?