Mwembe au Mparachichi? Chagua Mti Unaofaa Shamba Lako Kabla ya Mvua

Mvua za Oktoba hadi Desemba ndizo zinazotegemewa zaidi katika Kaunti ya Makueni, na ndizo wakazi wengi huzisubiri ili kupanda miche ya matunda. Swali linalosikika vitaluni na sokoni ni moja: kwenye nafasi iliyo karibu na nyumba, upandwe mwembe au mparachichi?

Bei ya maparachichi aina ya Hass imewavutia wengi, hata wanaoishi maeneo ya chini yenye joto. Lakini mti wa matunda si kama mahindi, ambayo yakiharibika msimu huu hupandwa tena msimu ujao. Mche uliopandwa mahali pasipoufaa humaliza maji, mbolea na miaka mitatu au minne ya kazi kabla ya mwenyewe kutambua kwamba hautazaa. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza bei ya tunda, ni vyema kuuliza mahitaji ya mti.

MWINUKO NA JOTO

Mwembe hupenda joto. Hustawi vizuri kuanzia usawa wa bahari hadi mita 1,200 hivi, na katika sehemu nyingine hadi mita 1,500. Kathonzweni, Wote, Makindu na Kibwezi ni maeneo ya mwembe.

Hass hupenda hali ya wastani, kati ya mita 1,200 na 2,100. Joto kali likiambatana na upepo mkavu wakati wa maua, maua na matunda machanga hupukutika. Ndiyo maana mparachichi huu hufanya vyema zaidi kwenye milima ya Mbooni na Kilungu kuliko nyanda za chini.

MVUA NA MAJI

Hapa ndipo tofauti ilipo kubwa. Mizizi ya mwembe huenda chini sana, na mti uliokomaa huvumilia kiangazi kirefu. Kwa kweli, mwembe huhitaji kipindi cha ukavu ili utoe maua. Mvua nyingi wakati wa maua huleta magonjwa na kupunguza mavuno.

Mizizi mingi ya mparachichi iko kwenye sentimita 60 za juu za udongo. Udongo huo ukikauka, mti huumia mara moja. Mti huu huhitaji mvua ya milimita 1,000 au zaidi kwa mwaka, au maji ya kunyunyizia.

Familia inaweza kupiga hesabu. Mche mmoja ukipewa mtungi wa lita 20 mara mbili kwa wiki, katika wiki 20 za kiangazi utatumia mitungi 40. Miche kumi itatumia mitungi 400. Kama maji hayo yanabebwa na punda au kununuliwa, gharama hiyo ihesabiwe kabla ya kununua mche.

Jambo jingine ni chumvi. Visima vingi vya maeneo ya chini vina maji ya chumvi, na mparachichi hauvumilii chumvi. Ncha za majani zikigeuka kahawia na kukauka, hiyo ni dalili mojawapo. Mwembe pia haupendi chumvi nyingi, lakini huvumilia kuliko mparachichi.

UDONGO

Miti yote miwili huhitaji udongo wenye kina usiotuamisha maji. Mwembe husamehe kidogo, mparachichi hausamehi. Maji yakituama, ugonjwa wa kuoza mizizi huingia, na mti hunyauka kana kwamba umekosa maji. Mkulima akizidisha maji akidhani ni kiu, huuharakisha kufa.

Jaribio ni rahisi. Chimba shimo la kina cha sentimita 60, lijaze maji, na uliache hadi kesho yake. Maji yakiwa bado yamesimama shimoni, mparachichi usipandwe hapo.

KUPANDA NA KUTUNZA

Nunua miche iliyopandikizwa kutoka kitalu kilichosajiliwa. Mche kama huo huweza kuanza kuzaa katika mwaka wa tatu au wa nne. Ule wa kuotesha mbegu huchelewa zaidi, na matunda yake huenda yasifanane na ya mti mama.

Chimba shimo la sentimita 60 kila upande na kina cha sentimita 60. Tenga udongo wa juu, uchanganye na samadi iliyooza vizuri, kisha uurudishe. Panda mvua ikishaanza, na uhakikishe sehemu mche ulipounganishwa inabaki juu ya udongo. Acha mita 8 hadi 10 kati ya miembe, na mita 7 hivi kati ya miparachichi. Weka matandazo ya nyasi kavu, lakini yasiguse shina.

Kwa mwembe, adui mkubwa ni nzi wa matunda. Okota matunda yote yaliyoanguka na uyafukie kwenye shimo refu ili mabuu yafe. Kazi hii huzaa matunda zaidi majirani wakiifanya pamoja, kwa sababu nzi hawajui mpaka wa shamba.

MAVUNO

Msimu mkubwa wa maembe Makueni huanza karibu na Novemba na kuendelea hadi Machi. Matunda huiva kwa wingi kwa wakati mmoja, kwa hiyo soko litafutwe mapema. Kiwanda cha kaunti cha kusindika matunda cha Kalamba ni mojawapo ya njia za kuokoa maembe yasioze shambani.

Parachichi haliivi likiwa mtini. Hulainika baada ya kuchumwa. Likichumwa changa, hunyauka na kuwa kama mpira, na mnunuzi harudi tena.

KABLA YA KUNUNUA MCHE

Mkazi ajiulize maswali matatu: Shamba liko juu au chini? Maji ya kiangazi yatatoka wapi, na yana chumvi? Maji hutuama shimoni? Kama shamba liko chini na maji ni ya shida, mwembe ndio mti wake. Kama liko mlimani na udongo hautuamishi maji, mparachichi utamlipa. Aliye katikati anaweza kupanda miembe, kisha mparachichi mmoja karibu na tangi la maji ya mvua, auangalie kwa misimu miwili kabla ya kuongeza.

Kwa ushauri zaidi kuhusu udongo na aina za miche, wakazi wamwone afisa wa kilimo wa wadi yao kabla ya mvua kuanza.